Ukalimani wa Kichina: Jambo Linalowahusu Askari wa Arua na Koboko

Barabara itokayo Vurra, mpakani na Kongo, ikapita Arua na Maracha hadi Koboko na kuishia Oraba, mpakani na Sudani ya Kusini, ina urefu wa kilomita 92. Askari aliyepata kutumikia Nile ya Magharibi katika miaka ya nyuma anaikumbuka ilivyokuwa: vumbi jekundu wakati wa kiangazi, na wakati wa masika matope yaliyoyameza magurudumu. Katika miaka ya 2010 barabara hiyo ilitiwa lami kwa fedha za Benki ya Dunia, na kazi yenyewe ilifanywa na kampuni ya Kichina iitwayo Chongqing International Construction Corporation. Juu ya lami hiyo mengi yamekwisha semwa. Sisi tunapenda kusema juu ya jambo jingine lililosafiri pamoja na magreda na malori, nalo ni lugha. Tangu wakati huo askari wa zamu katika kituo chochote cha njia ile anaweza kuletewa mlalamikaji, shahidi au mshtakiwa ambaye lugha yake haina msemaji hata mmoja katika kituo kizima, wala katika mji mzima.

Si kwamba watu wa huku ni wageni wa lugha nyingi. Koboko iko karibu na pale zinapokutana nchi tatu, na sokoni mwake mtu husikia Kikakwa, Kilugbara, Kinubi, Kilingala, Kiarabu cha Juba na Kiswahili kabla hajamaliza kununua muhogo. Askari ndiye aliyekuwa mkalimani wa watu hawa tangu zamani. Kinubi chenyewe ni lugha iliyozaliwa kambini, miongoni mwa askari wa Kisudani waliokuwa chini ya Emin Pasha, ambao Kapteni Lugard aliwachukua mwaka 1891 wakawa msingi wa majeshi ya kikoloni katika Uganda. Baadaye katika King's African Rifles Kiswahili kikawa lugha ya kambi, na mpaka leo Mwacholi, Mnyankole, Mteso na Mlugbara hukutana katika Kiswahili pale wanapovaa sare moja. Vikosi vyetu vilipoingia Kongo ya mashariki mwishoni mwa Novemba 2021, katika operesheni ya Shujaa, havikuhitaji kutafuta mkalimani ili kuzungumza na mwenyeji wa Beni.

Kichina ni habari nyingine. Hakikupita njia ya biashara wala ya vita kufika hapa, na hakuna bibi wa sokoni aliyejifunza kwa kuuza samaki. Kwa hiyo inapotokea kesi, maneno husafirishwa kwa vituo. Mchina husema kwa Kichina. Kijana wa ofisi ya kampuni huyageuza kuwa Kiingereza, na mara nyingi ni Kiingereza cha kujifunzia kazini. Konstebo huyageuza kuwa Kiswahili ili mtuhumiwa asikie. Na mtuhumiwa akiwa mzee wa Kikakwa, jirani yake huyageuza mara ya tatu. Majibu hurudi kwa njia ile ile. Mtu aliyepeleka ujumbe wa mdomo kupitia walinzi wanne wa lindo anajua ujumbe huo hufika katika hali gani.

Tuchukue mfano, ambao ni wa kutunga, wala haumhusu mtu wala kampuni yoyote. Katika machimbo ya mawe fulani dizeli imepungua. Fundi wa Kichina anafika kituoni na mlinzi wa usiku ameshikwa mkono. Fundi anasema maneno matatu tu: *ta mai you*. Neno la mwisho ni mafuta. Neno la kwanza ni "yeye", na kwa sikio halielezi kama ni mwanamume au mwanamke. Neno la katikati ndilo lenye hatari. Kichina ni lugha ya sauti za kupanda na kushuka, na Kichina cha Beijing kina sauti nne. *Mai* ikitamkwa kwa sauti inayozama kisha kuinuka, maana yake ni kununua. Ikitamkwa kwa sauti inayoanguka ghafula, maana yake ni kuuza. Tena kitenzi hicho peke yake hakina alama ya wakati kama zile tulizo nazo sisi katika *na*, *li* na *ta*. Maneno hayo matatu, bila ya maelezo mengine, yaweza kuwa "aliuza mafuta", "alinunua mafuta", "huuza mafuta", au "atanunua mafuta".

Sasa fikiri mkalimani ambaye Kichina chake ni cha miezi sita. Amesikia *mai*, ameona uso wenye hasira na mlinzi anayetetemeka, akajazia mwenyewe: "Anasema huyu aliuza dizeli." Konstebo ameandika. Pengine fundi alitaka kusema kwamba mlinzi alimwona mtu mwingine, dereva, ambaye alinunua dizeli getini. Yaani mlinzi ni shahidi. Lakini maandishi yamekwisha kuwa ya wizi, na mlinzi analala ndani. Hakuna aliyesema uongo katika chumba kile.

Inafaa kusema hapa kwamba maandishi ya Kichina yangemwokoa. Kununua na kuuza, ambavyo kwa sikio hutofautiana kwa sauti tu, katika kuandika hutofautiana kwa mistari midogo iliyowekwa juu ya herufi ya kuuza. Zaidi ya hayo, mtu wa Chongqing, mtu wa Fujian na mtu wa Guangdong husema kwa namna zilizo mbali sana, hata wasielewane wakizungumza kila mmoja kwa lugha ya kwao, lakini wote husoma herufi zile zile. Kwa sababu hiyo askari mwenye busara humpa mlalamikaji wa Kichina kalamu na karatasi kabla ya jambo lolote, amwambie aandike kwa mkono wake mwenyewe yaliyotokea, atie tarehe na sahihi. Hata kama hapana mtu wa kuisoma siku ile, karatasi haisahau wala haibadilishi sauti.

Hesabu nazo zina mtego wake. Mchina hahesabu kwa maelfu kama Mwingereza. Ana neno *wan*, ambalo ni elfu kumi, na juu yake hujenga hesabu zote kubwa. Shilingi 350,000 kwake ni "wan thelathini na tano". Sisi tunasema laki tatu na nusu. Mkalimani asiye hodari, akipita katikati kwa Kiingereza, husikia thelathini na tano, akaongeza "elfu" kwa mazoea, na mali iliyoibwa inakuwa shilingi 35,000. Au kwa kutaka kusahihisha huongeza sifuri nyingi, ikawa 3,500,000. Thamani ya mali iliyotajwa katika hati ya mashtaka ikipingana na thamani iliyotajwa na shahidi mahakamani, mtetezi wa mshtakiwa hahitaji kutafuta hoja nyingine. Dawa yake ni rahisi: tarakimu ziandikwe na mwenyewe, kwa mkono wake, 3-5-0-0-0-0, ambazo Mchina huziandika kama sisi.

Kisha liko swali la kukanusha. Mpelelezi anauliza, "Hukumwona mtu akitoka?" Mchina ambaye hakumwona mtu hujibu kwa neno lenye maana ya "ndiyo", akikusudia "ndiyo, usemavyo ni kweli, sikumwona." Wengi wetu tunaosema Kiswahili hujibu vivyo hivyo. Kiingereza hutaka jibu lake liwe "hapana". Mkalimani anayegeuza neno kwa neno huandika kwa Kiingereza kwamba shahidi alisema ndiyo, na karatasini shahidi amekwisha kumwona mtu ambaye hakumwona.

Mambo haya tumeyaweka pamoja kwa makusudi, maana yanaonyesha kitu ambacho wakuu wetu wa mafunzo huenda hawajakifikiria. Kichina na Kiswahili, zikitazamwa pale zinapogusa kazi ya polisi, hukutana mara nyingi kuliko tunavyodhani. "Yeye" kwa Kiswahili hakusemi kama ni mume au mke, na *ta* likisikika halisemi. Kiingereza ndicho kinachomlazimisha mkalimani achague, naye akichagua vibaya mtuhumiwa amebadilika jinsia katika jalada. Mchina ana neno la kaka mkubwa na neno jingine la ndugu mdogo, kama vile sisi tunavyotofautisha kaka na mdogo wangu. Kiingereza huwatia wote katika kapu moja. Sisi tuna laki, wao wana *wan*, na Kiingereza hakina neno moja la hesabu hizo. Makosa mengi huzaliwa katika ile lugha ya katikati. Ni kweli kwamba mahali pamoja mambo hugeuka: saa. Mchina huhesabu saa kama Mwingereza, na saa mbili yake ya usiku wa manane si saa mbili yetu. Askari aandike saa kwa tarakimu za saa ishirini na nne kama tunavyofanya jeshini, 0200 au 2000, na shauri limekwisha.

Je, wapo watu wa kutafsiri Kichina na Kiswahili moja kwa moja, bila ya kupita kwingine? Wapo, na wamekuwako kwa muda mrefu. Redio ya Peking ilianza matangazo yake ya Kiswahili tarehe 1 Septemba 1961, kabla hata Tanganyika haijapata uhuru wake, na Kiswahili kimefundishwa katika vyuo vya mji ule tangu miaka hiyo ya sitini. Tanzania, Zambia na China zilipotia sahihi mapatano ya reli ya TAZARA mwaka 1967, na ujenzi ulipofanyika tangu 1970 hadi 1975 katika njia ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, maelfu ya Wachina walifanya kazi bega kwa bega na Waafrika, na wakalimani wa Kichina waliojifunza Kiswahili kwao walikuwa sehemu ya kazi ile. Katika mwaka 2011 watazamaji wa televisheni ya Tanzania waliona mchezo wa Kichina wa Doudou na mama wakwe zake, watu wote wakizungumza Kiswahili, na wengi walicheka pale pale ambapo Mchina angecheka. Kazi ya namna hiyo haifanywi na mtu wa kubahatisha.

Uganda imeshika njia nyingine. Uhusiano wetu na China ni wa tangu Oktoba 1962, na maafisa wetu wa jeshi wamekwenda kusoma huko, lakini sisi na wao tumezoea kuonana kupitia Kiingereza. Taasisi ya Confucius ilifunguliwa Makerere mwaka 2014, na mwaka 2019 Kichina kikaanza kufundishwa katika shule 35 za sekondari. Hiyo ni hatua njema. Lakini kijana anayejifunza Kichina Kampala kwa kutumia vitabu vya Kiingereza bado atamfikia mzee wa Koboko kwa kuzunguka. Sisi tungependa kuona konstebo mmoja au wawili wa Nile ya Magharibi wakifundishwa Kichina kupitia Kiswahili wanachokitumia kazini kila siku. Wala wasidhani kwamba sauti za Kichina zitawashinda: Kilugbara nacho ni lugha ya sauti za juu na za chini, ambamo neno hubadilika maana kwa sauti yake tu. Mtoto wa Arua ana sikio ambalo Mzungu hulitafuta kwa miaka.

Hata hivyo kujua lugha si kila kitu. Swali zito zaidi ni hili: mkalimani ni mtu wa nani? Askari waliotumikia Somalia tangu Machi 2007 wanalijua jambo hili bila ya kufundishwa na gazeti. Kule Mogadishu mkalimani aliweza kuokoa doria, na mkalimani mwenye ukoo wake katika ugomvi aliweza kuugeuza mkutano wote bila ya mtu kutambua. Katika kesi ya machimbo mkalimani wa kwanza anayepatikana huwa ni mwajiriwa wa kampuni inayolalamika. Mshahara wake watoka kwa mlalamikaji. Hata akiwa mwaminifu kama malaika, mlinzi aliye upande wa pili wa meza ana haki ya kuuliza, "Afande, huyu anasema maneno ya bwana wake au anasema yangu?" Swali hilo si la ujeuri, wala asijibiwe kwa makofi.

Dalili za ukalimani mbovu zinaonekana hata na mtu asiyejua neno moja la Kichina. Mchina amesema kwa dakika tano, akipanga mambo kwa vidole, na mkalimani anageuka na kutoa neno moja: "Anakataa." Au swali fupi limezaa mazungumzo marefu baina ya hao wawili, kana kwamba wanashauriana juu ya jibu lifaalo. Au mkalimani anasema "nadhani anataka kusema". Mahali hapo mpelelezi aweke kalamu chini. Mkalimani wa kweli husema kwa nafsi ya kwanza, "mimi nilifunga geti", kama kwamba ulimi wake umekodishwa. Haongezi, hapunguzi, hamshauri mtu. Mpelelezi naye amsaidie: atazamane na yule anayehojiwa badala ya mkalimani, atoe sentensi fupi, na ampe nafasi ya kupumzika. Katika Umoja wa Mataifa, ambako Kichina ni moja ya lugha sita za shughuli rasmi, wakalimani hupokezana kila baada ya nusu saa hivi, kwa sababu akili huchoka kabla ya mdomo. Sisi humweka kijana mmoja tangu asubuhi mpaka jioni, kisha tukashangaa karatasi ya jioni haifanani na ya asubuhi.

Katiba ya mwaka 1995 haikuacha jambo hili kwa hisani ya mkuu wa kituo. Kifungu cha 23 chasema kwamba mtu akamatwaye aelezwe mara moja, katika lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa kwake na haki yake ya kupata wakili. Kifungu cha 28 chasema kwamba mshtakiwa asiyeielewa lugha ya mahakama apewe mkalimani bila ya kulipa. Katiba haikusema "mwananchi", ilisema mtu. Kwa hiyo hesabu ni ile ile pale ambapo mambo yamegeuka, na Mchina ndiye anayeshikwa, tuseme kwa kumgonga mtoto kwa lori huku umati ukiwa umezingira kituo. Askari anayemlinda mtu yule asipigwe, kisha akamtia sahihi kwenye karatasi ya Kiingereza asiyoielewa, amefanya nusu ya kazi yake. Mgeni aliyekamatwa ana haki pia, kwa mapatano ya Vienna ya mwaka 1963, ya kuambiwa kwamba akitaka ubalozi wa nchi yake utajulishwa. Na jina lake liandikwe kama lilivyo katika pasipoti: kwa Wachina jina la ukoo ndilo hutangulia, na katika kambi moja mnaweza kuwa na akina Wang sita.

Ugumu uko katika saa. Katiba yataka mtuhumiwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 48 kupita. Kampala iko mbali na Arua karibu kilomita 500, na Koboko iko mbele zaidi, karibu kilomita 55. Kumleta mkalimani aliyehitimu, kumlipa nauli na malazi, na kumkalisha mbele ya afisa mwenye cheo kinachokubaliwa na Sheria ya Ushahidi, yaani kuanzia msaidizi wa mkaguzi, kabla ya saa hizo kwisha, ni kazi ya kuanza dakika ile ile mtu anapoletwa, si kesho yake baada ya chai. Huko ndiko kesi nyingi zingeweza kuharibika: maelezo ya kukiri huchukuliwa kwa haraka na yeyote aliye karibu, na wakati wa kesi hakimu huyatupa.

Simu yaweza kusaidia pale gari lisipowahi. Mkalimani akiwa Kampala azungumze kwa kipaza sauti, pande zote mbili zikimsikia. Jina lake, kazi yake na namba yake ziandikwe kabla hajaanza; aulizwe kama ana undugu au ajira na upande wowote; na saa ya kuanza na ya kumaliza ziwekwe. Maneno ya mtuhumiwa yaandikwe kwanza katika lugha aliyoisema, ndipo tafsiri ya Kiingereza ifuate katika karatasi yake yenyewe. Kama ameandika kwa herufi za Kichina, ukurasa ule usikunjwe ukawekwa mfukoni mwa konstebo wa zamu. Upigwe muhuri, upewe namba, ukae ndani ya jalada juu ya tafsiri yake, kwa sababu siku ya kesi wakili atauomba, na atakuja na mtu wa kuusoma.